Waya wa Ardhi

Januari, Bromont, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kitasa cha gari kimenidonoa kidole,
cheche ya buluu, salamu ya mtu asiyenipenda.
Ghislaine hucheka kila nikiruka.
"Hiyo uliyoisikia," anasema, "ni radi.
Chipu hufa kwa cheche ambayo mtu haihisi."

Miaka thelathini na mmoja yuko hapa.
Alizikuta zina miguu huku na huku kama jongoo.
Sasa miguu hakuna,
ni vipele vya bati tu tumboni, maelfu,
na yeye anastaafu mwezi Mei.

Mlangoni tunavua dunia.
Manukato hapana. Wanja hapana.
Penseli hapana, maana penseli humwaga vumbi,
na chembe moja humu ndani
ni jabali lililoporomokea mji.
Siku ya mafunzo walituambia
chumba cha upasuaji ni jalala ukikilinganisha na hiki.
Mimi nilijifungua watatu kwa mwanga wa kibatari.
Nilinyamaza, nikavaa glavu.

Kisha kamba kifundoni, waya, klipu ya mezani,
na meza nayo imefungwa ardhini.
Kisanduku ukutani kinanipima. Taa ya kijani.
Umeunganishwa na ardhi, kinaandika, kwa Kifaransa.
Ofisi ya uhamiaji nimeingojea miaka minne
initamkie neno hilo.

Kazi yetu ni kuvisha.
Chipu hutufikia uchi,
zimechorwa nchi hii, zimechomwa nchi ile,
sisi tunazikalisha, tunazifunika,
tunasikiliza kama zinapumua.
Zamani kila moja ilikaa kwake.
Siku hizi ni ghorofa: kumbukumbu juu ya kumbukumbu,
sakafu kumi na mbili,
na jengo zima halifiki unene wa kucha mbili.
Redio inasema ni za mashine zinazojibu maswali.
Inasema hazitoshi, bei imeruka,
ushuru umepanda, ushuru umeshuka,
waziri amekata utepe mahali fulani.
Sisi tumeambiwa: mwezi huu na Jumapili.

Josué wangu aliiuliza mashine mojawapo
hesabu yake ya darasa la tano.
Ikamjibu kwa adabu zote, jibu la uongo.
"Mama, hiyo uliifunga wewe?"
Huenda, baba. Lakini mimi hufunga mlango tu,
yaliyosemwa ndani siyajui.

Juzi, saa tisa za usiku,
waliniletea chipu kuukuu irudiwe kuchunguzwa.
Niliinama kwenye hadubini,
nikapita barabara zake, viwanja vyake, madaraja,
na pembeni kabisa, ambako umeme hauna safari,
nikakuta birika.
Lina mpini. Lina mdomo. Lina mistari mitatu ya mvuke.
Zima zima, upana wa unywele.

"Ee, walikuwa wakichora," Ghislaine akasema,
hakushtuka hata kidogo.
"Bata. Treni. Mmoja alichora mbwa wa mkewe.
Sasa kompyuta ndiyo inayopanga,
na pembe zote zina kodi ya pango."
Akarudi kwenye trei yake.

Nami nikabaki na huyo mtu:
jioni fulani, kazi imemchosha, koo limekauka,
akainjika maji mahali ambapo
hakuna atakayekuja kunywa.

Niliomba karatasi yao isiyotoa nyuzi,
na kalamu yao,
nikalinakili kubwa kama kiganja.
Lipo mlangoni mwa friji, Granby, chini ya sumaku.
Josué amelitazama kwa makini:
"Mbona halina kifuniko?"
Kweli. Halina. Mimi sikuona.

Saa moja asubuhi. Nimevua glavu, nimebandua klipu.
"Polepole," Ghislaine ananiambia, "gusa kwa ufunguo kwanza."
Theluji inalia chini ya viatu.
Hatua kumi, tisa,
ufunguo uko mfuko upi,
kitasa.